Alisema Sawa

Siku ya kuanua matanga ya baba, baba mdogo alituita kibarazani. Tulikuwa watu kama kumi na watano: wazee wa ukoo, majirani wawili wa kushuhudia, mdogo wangu wa kiume aliyekuja kwa basi kutoka Mwanza, na mimi niliyetoka Dar es Salaam. Wanaume tulikaa kwenye mabenchi. Dada yangu, mtoto wa kwanza wa baba, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango.

Baba mdogo hakuwa na maneno mengi. Kibanja chenye nyumba na makaburi kitakuwa changu, kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, omusika, mrithi mkuu. Shamba la kahawa la bondeni ni la mdogo wangu. Alipofika kwa dada alilegeza sauti, na ninaamini alisema kwa moyo safi: "Huyu ataendelea kuishi hapa. Nyumba ya baba yake ni nyumba yake. Hakuna wa kumfukuza." Kisha akamgeukia. "Mama, una neno?"

Dada alitazama mikono yake. Akasema, "Sawa."

Kijana aliyekuwa anaandika muhtasari akaandika kwamba wajumbe wote wameafiki. Tukatia saini. Dada naye akatia saini, akarudi jikoni kwa kuwa ndizi zilikuwa motoni.

Nina shahada ya sheria. Mwaka wa tatu chuoni niliandika insha ndefu kuhusu jambo hilihili, urithi wa wanawake na sheria za kimila, nikapata alama nzuri, na nikaisoma mbele ya darasa. Pale kibarazani nilikuwa mtu pekee niliyejua, kwa vifungu na kwa tarehe, kwamba kilichokuwa kinafanyika kina jina. Nikanyamaza. Tangu siku ile kuna swali linalonisumbua ambalo halikuwamo katika mtihani wowote: ikiwa aliyepunjwa mwenyewe amesema sawa, je, kuna kosa lililobaki?

*

Kiswahili kimelipa neno hili kazi mbili. Sawa ni kulingana: mbili jumlisha mbili ni sawa na nne. Sawa pia ni kuitikia: nimesikia, nimeridhika, au nimechoka, tuendelee. Abiria anayeambiwa basi limejaa asubiri la kesho hujibu sawa. Mgonjwa anayeambiwa dawa zimekwisha hujibu sawa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema sawa mahali ambapo hakuna kitu hata kimoja kilicho sawa, na masikio yetu yamezoea kiasi kwamba hayashtuki.

Kuna jambo jingine katika lugha yetu ambalo nilijivunia sana nilipokuwa mwanafunzi. Mtu, mtoto, ndugu: maneno haya hayana mke wala mume. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipokuwa linaandikwa, Hansa Mehta, mjumbe wa India, aliona tatizo katika rasimu ya Kiingereza. Neno lililotumika kumaanisha watu wote ndilo lilelile linalomaanisha wanaume, na alijua ziko nchi ambazo zingelisoma hivyo na kuwaacha wanawake nje ya mlango. Akashikilia liandikwe neno la binadamu wote, likabadilishwa, na azimio likapitishwa tarehe 10 Desemba 1948 likiwa na neno hilo. Mwishoni mwa kifungu hichohicho Kiingereza kilibaki na udugu wa kiume. Kwetu ugomvi huo usingekuwapo. Mtu ni mtu, na ndugu ni ndugu, awe wa kike au wa kiume.

Lakini sarufi haigawi mashamba. Baba mdogo alimwita dada mtoto wa marehemu, akamwita ndugu yetu, akamwita mama kwa heshima. Hakukosea neno hata moja. Kilichomtenga dada na sisi kilikuwa kimekwisha kuamuliwa kabla hajafungua kinywa.

*

Dada alikuwa amerudi nyumbani miaka sita kabla ya msiba huo. Mume wake alipofariki, shemeji zake walimweleza kwamba nyumba ni ya ukoo wao. Yeye alikuja kuolewa, na aliyemleta hayupo tena. Walimwachia binti yake kwa kuwa alikuwa bado mdogo. Alishuka Muleba na mabegi mawili na mtoto wa miaka saba. Mwaka huohuo baba alipata kiharusi, upande wake mmoja ukafa. Kwa miaka sita dada ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akampeleka kliniki, akapalilia migomba, akavuna kahawa na kuipeleka kwenye chama cha ushirika kwa jina la baba. Mimi nilituma pesa mwisho wa mwezi na kupiga simu Jumapili.

Nilipokuja kupanga maisha ya dada sambamba na sheria niliyoisoma, niligundua kwamba alikuwa amepita katika kila mlango wake, na kila mlango ulikuwa umefungwa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza kanuni za sheria za kimila katika Tangazo la Serikali namba 436, zikiwamo kanuni za urithi. Humo warithi wamepangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni la mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa. La pili ni la watoto wengine wa kiume. La tatu ni la watoto wa kike, hata kama wao ndio waliotangulia kuzaliwa. Wanawake wanaruhusiwa kurithi, lakini ardhi ya ukoo wataitumia tu wakiwa hai, hawatairithi moja kwa moja wala kuiuza, isipokuwa wanaume wa ukoo huo wamekwisha. Na mjane hana fungu lolote ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, inasema kanuni, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza wao.

Nilipoisoma kanuni hiyo chuoni niliona mfano mzuri wa kuandikia insha. Niliporudi kuisoma baada ya msiba nilimwona mtoto wa miaka saba akishuka kwenye basi, ambaye kwa mujibu wa sheria ndiye aliyekuwa urithi wa mama yake.

*

Nitasema sasa kile nilichopaswa kusema kibarazani. Wilaya yetu ina historia katika jambo hili. Mwanamke mmoja wa Muleba alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa kaka yake akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai mauzo hayo ni batili kwa kuwa kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mwanamke akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda yeye. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Wanafunzi wa sheria wanalijua kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory, na hukumu yake ilitolewa Februari 1990.

Jaji Mwalusanya alifungua Katiba, ambayo ilikuwa imeongezewa haki za binadamu mwaka 1984. Kisha akafungua mikataba ambayo nchi yetu ilikuwa imeifunga na mataifa mengine: ule wa haki za kiraia na kisiasa, ule wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Alitaja pia Azimio la 1948. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: nchi haiwezi kuahidi jambo mbele ya dunia kisha ikaendesha jambo la kinyume katika mahakama zake. Akaamua kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Ninachokipenda zaidi katika hukumu hiyo ni namna alivyoushughulikia ukoo. Hakuudharau. Alisema yeyote auzaye ardhi ya ukoo, mwanamume au mwanamke, afungwe na masharti yaleyale, na ndugu wa ukoo wabaki na nafasi ya kuikomboa kwa kulipa bei. Mtoto wa kaka akapewa miezi sita alete shilingi 300,000 alichukue shamba. Kama kilichomuuma kweli ni ardhi, njia ilikuwa wazi.

Hukumu hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini na mitano siku tulipokaa kibarazani, na ilizaliwa katika wilaya ileile. Ilikuwapo pia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inasema wazi kwamba kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Tumezoea kusema haki haziwafikii watu wa vijijini kwa sababu elimu haijafika. Kwenye kibaraza chetu elimu ilikuwa imefika, imekaa kwenye benchi, imevaa shati jeupe. Iliona kwamba ikinyamaza itapata kibanja.

*

Usiku ule nilijaribu kumsogelea baba mdogo. Nilikuwa mwoga, kwa hiyo nilianza kwa mzunguko. Nilisema hata serikali siku hizi haikubali mambo haya.

"Hizo ni sheria za Wazungu," alisema. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo. "Unadhani namchukia dada yako? Kibanja hiki wamelala humu babu yako na baba yako. Binti ni wa kwenda. Ukimwandikia, kesho watoto wake, ambao ni wa ukoo mwingine, watalima viazi juu ya kaburi la baba yako, na hawatakuwa na kosa, kwa kuwa hawamjui. Mimi sigawi mali. Mimi nalinda watu waliolala."

Ninawaomba mnaosoma msimcheke. Mtu anayelinda makaburi halindi kitu cha kipuuzi. Na katika kulijibu neno lake ndipo nilipoielewa sheria niliyokuwa nimeikariri.

Sheria ya kimataifa haisemi kila tofauti ni ubaguzi. Mwaka 1989 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa maoni yake namba 18 kuhusu jambo hili. Ilieleza kwamba kutofautisha watu si lazima kuwe ubaguzi, iwapo kigezo kinachotumika kina mantiki, hakifuati upendeleo, na kinalenga jambo halali. Basi tulipime neno la baba mdogo kwa mizani hiyo. Lengo lake ni halali: kuhifadhi makaburi na ardhi ya ukoo. Kigezo chake ni jinsia. Je, jinsia inapima anachotaka kukilinda?

Katika ukoo wetu wanaume wawili wameuza vibanja vyenye makaburi, mmoja kwa sababu ya deni, mwingine kwa sababu ya pombe. Mdogo wangu ana nyumba Mwanza na hana mpango wa kurudi. Mimi naishi Dar es Salaam, na migomba ya baba siwezi kuitofautisha kwa majina yake. Aliyekuwa anafagia juu ya makaburi hayo kila Jumamosi kwa miaka sita ni mtu mmoja tu, na ndiye ambaye kanuni ilimhesabu kuwa wa kupita. Kama kweli tulitafuta mlinzi wa makaburi, tulikuwa naye nyumbani tukamruka. Ubaguzi ni kutumia kipimo ambacho hakipimi kile unachodai kukipima. Ungeuza maziwa kwa kupima urefu wa mnunuzi, watu wangekushangaa.

Hoja ya kwamba binti ataolewa imekwisha kufika hata mahakama za jirani zetu. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua shauri la Rono dhidi ya Rono, ambapo mabinti walikuwa wamegawiwa kidogo kuliko kaka zao, sababu mojawapo ikiwa kwamba wataolewa. Mahakama ilikataa hoja hiyo, ikirejea pia mikataba ya kimataifa. Nilipoisoma upya nilimfikiria dada. Kwa mume aliambiwa kwenu ni kwa baba yako. Kwa baba akaambiwa kwenu ni kwa mume wako. Kila ukoo ulimwelekeza kwa mwingine kama ofisi mbili zinazorushiana faili.

Na habari ya sheria za Wazungu? Kanuni ambazo baba mdogo aliziita mila zilitiwa katika maandishi na tangazo la serikali. Mila kabla ya hapo ilikuwa inazungumzwa, na kinachozungumzwa huweza kujibiwa. Ilipoandikwa kwa namba ikaacha kusikiliza. Kwa upande wa pili, Itifaki ya Haki za Wanawake ya Umoja wa Afrika ilipitishwa Maputo mwaka 2003, mjini kwa Waafrika, na kifungu chake cha 21 kinasema wanawake na wanaume watarithi mali ya wazazi wao kwa mafungu sawa. Bibi yule wa Muleba hakwenda mahakamani kwa sababu alisoma vitabu vya ng'ambo. Alikwenda kwa sababu lilikuwa shamba lake.

*

Sasa nirudi kwenye swali langu. Dada alisema sawa. Kwa nini nisimwamini?

Nilijifunza jibu kutoka kwa wajane wawili wa Shinyanga ambao dunia inawajua kwa herufi tu, E.S. na S.C. Waume zao walifariki, na kanuni zilezile za 1963 zikawatoa katika nyumba walizokuwa wakiishi pamoja na watoto wao. Wao hawakusema sawa. Walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni hizo zitamkwe kuwa zinavunja Katiba. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Ilisema mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama, na kwamba kufanya hivyo kungefungulia mlango mila za makabila yote yanayozidi mia. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa sababu ya dosari ya tarehe katika hati ya hukumu, dosari ambayo hawakuiandika wao. Wakaenda kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake. Mwezi Machi 2015 Kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao, ikaitaka iwafidie na ibadilishe sheria.

Miaka mingi imepita kati ya nyumba na uamuzi ule. Hiyo ndiyo bei ya kusema si sawa. Dada hakuijua kesi hiyo, lakini bei aliijua vizuri kuliko mimi. Alijua kwamba akikataa mbele ya wazee atakuwa mwanamke mgomvi anayeishi katika kibanja cha kaka yake kwa hisani. Alijua binti yake anahitaji paa usiku ule. Upande mmoja wa mizani kulikuwa na neno sawa, na upande wa pili kulikuwa na maisha yake yote. Kuita hilo ridhaa ni kumdhihaki.

Mtu husamehe deni baada ya kuambiwa anadai. Dada hakuulizwa, "Hili ni fungu lako, je, unamwachia mdogo wako?" Kama angeulizwa hivyo, pengine angesema namwachia, na ingekuwa zawadi kutoka kwake kwangu, na mimi ningemshukuru maisha yangu yote. Aliulizwa kama ana neno kuhusu fungu ambalo limekwisha kuwa langu. Haki inatangulia, kuiachia kunafuata.

Kuna jambo moja katika Mkataba wa wanawake wa 1979 ambalo chuoni nilidhani ni utaalamu wa maneno. Kifungu cha kwanza kinapoeleza ubaguzi hakiulizi tu lengo la aliyetenda. Kinauliza athari au lengo. Yaani, unaweza kumpenda dada yako, ukamsemea kwa upole, ukamhakikishia paa, na bado ukawa umembagua. Upole wa baba mdogo ulikuwa wa kweli. Ukimya wangu nilijitetea kwamba ulikuwa heshima. Sheria inaturuhusu wote wawili tuwe watu wema, kisha inauliza: mwisho wa kikao, nani ana ardhi?

*

Mwaka uliofuata nilirudi nikiwa na mpango. Nilikuwa nimejiandaa kama bwana harusi. Nilimkuta dada anaanika kahawa, nikamsalimia, nikakaa kwenye gogo.

"Dada, nimeamua. Nitakupa nusu ya kibanja, upande wa nyumba."

Hakuacha kusambaza kahawa. "Utanipa?"

"Nitakupa."

"Kwa hiyo ukikasirika utaninyang'anya."

Nilicheka, nikasema siwezi. Akasema, "Wewe huwezi. Mke wako je? Watoto wako je? Mdogo wangu, nimekula vya kupewa kwa mume, nimekula vya kupewa kwa baba. Kupewa nimekuzoea. Sitaki kupewa. Nataka niandikwe."

Nilikaa pale kwenye gogo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuleta ukarimu, na nikaona kwamba ukarimu wangu ulikuwa unakaa palepale kanuni ya 1963 ilipokuwa imeniweka. Ili nimpe, ilibidi kwanza kiwe changu. Watu husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimeisikia methali hiyo tangu utoto na sikuwahi kugundua kwamba inasema haki yake. Haikusema mpeni chochote mtakachopenda.

Kazi ya kuandika ilichukua karibu miaka miwili. Tulirudisha kikao cha ukoo. Baba mdogo hakuja mara ya kwanza, mara ya pili alikuja akakaa bila kusema, mara ya tatu aliuliza kuhusu makaburi. Dada akajibu mwenyewe: sehemu ya makaburi isigawanywe wala kuuzwa na yeyote kati yetu, na iandikwe hivyo. Baba mdogo alimtazama, akatikisa kichwa juu chini. Muhtasari mpya ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo kama inavyotakiwa. Mdogo wangu alikataa kugusa shamba la bondeni, na hatujaelewana mpaka leo. Nilipomtajia vifungu alinijibu kwamba vifungu hivyo nilikuwa navyo siku ya matanga. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo siwezi kusema haki imetendeka. Theluthi ya bondeni dada hajaipata, na miaka sita ya kumgeuza baba kitandani hakuna aliyeiwekea hesabu. Kumpa kila mtoto fungu linalolingana ni mwanzo wa usawa, maana mizani haijui nani alikuwa amebeba nini kabla ya kufika sokoni. Lakini pale ofisi ya kijiji dada aliandika jina lake katika fomu ya hatimiliki ya kimila, herufi kubwa, polepole, na mtendaji wa kijiji akagonga muhuri.

Msimu uliopita nilimpigia simu. Nilikuwa nimesikia bei ya vanila imepanda, nikawa na wazo la kupanda miche upande wake, ambako kuna kivuli kizuri. Nikamweleza faida, nikamweleza kwamba gharama zote ni zangu, yeye asimamie tu.

Akanyamaza kidogo. Nilijua neno linalofuata, kwa sababu nimelisikia kutoka kwake maisha yangu yote.

"Hapana," alisema. "Pale nitapanda maharage."

Nilikaa na simu mkononi nikitafuta cha kubishia, nikakosa. Tukaongea habari za binti yake na mvua. Kabla ya kukata nilimwuliza kama naweza kuja na watoto likizo ya Desemba, wakati wa senene, wakae kwake.

"Sawa," alisema, na kwa mara ya kwanza niliamini.